Kanzu ya Vuai

Jecha hakuwa na homa. Alikuwa kitandani, kajifunika shuka hadi kidevuni, na nje watu wa mtaa wa Jadida walikuwa wakipita na jeneza la Vuai.

Mwaka ule wa hamsini na saba homa iliingia Wete masika yakiisha. Leo nyumba hii inakohoa, kesho ya jirani. Soko likapwaya, chuo cha Kurani kikafungwa. Vijana wengi waliinuka, wazee wengine hawakuinuka. Ikaanza kusemwa kwamba homa haifi na maiti, humrukia anayemwosha. Waoshaji wakapungua.

Jecha na Vuai walibeba magunia ya karafuu pamoja tangu ujanani. Siku moja barazani, mbele ya watu, Vuai alisema, "Nikitangulia mie, unioshe weye Jecha. Yule mwoshaji Hija mikono yake mikavu kama jembe."

"Ntakuosha," Jecha akajibu, "lakini masikio yako makubwa hayo yatanimalizia maji."

Watu walicheka, Vuai zaidi yao.

Basi asubuhi ile mjumbe alipofika kumwita akamwoshe Vuai, Jecha alimwambia mkewe, Mize, aseme kwamba naye kashikwa na homa. Mize alisema mlangoni, akarudi jikoni bila kumtazama.

Jambo moja Jecha hakulifikiri. Jadida mgonjwa haachwi peke yake. Watu walitoka makaburini wakaja moja kwa moja kumtazama. Hija, aliyemwosha Vuai, alileta chungu cha majani ya mpera na mchaichai, akakiweka kinachemka mbele ya Jecha na kumfunika blanketi. Jecha akatokwa jasho mpaka miguuni. Hija akafurahi, akasema homa inatoka. Hakuogopa kukaa karibu naye. Jecha alitamani ardhi impasukie.

Alasiri, wageni walipokwisha kuondoka, akaja Mwanawema, binti wa Vuai. Mama yake yumo edani, hatoki. Mkononi alishika kitu kilichofungwa kwa kanga.

"Shikamoo, Ami Jecha. Mama anakupa pole. Hii ni kanzu aliyofia baba. Ni haki ya aliyemwosha, lakini Bwana Hija kaikataa. Kasema baba alikutaja weye, ni maradhi tu yaliyokuzuia."

Jecha aliipokea. Ilikuwa na harufu ya karafuu na jasho la Vuai, harufu aliyokuwa akiifuata nyuma ya magunia miaka yote. Mize alisimama mlangoni, safari hii akimtazama. Binti akaaga.

"Mwanawema, ngoja," Jecha akasema. "Mie sina homa. Asubuhi sikuwa nayo, na sasa sinayo. N'liogopa kumwosha babaako."

Binti aliangalia chungu, akaangalia jasho usoni mwake. Kama angemtukana, Jecha angepumua. Hakumtukana. Aliichukua kanzu mikononi mwa Jecha, akaikunja upya, akaifunga kwenye kanga.

"Basi ntamrudishia mama," akasema, akatoka.

Habari ilifika msikitini kabla ya magharibi. Jecha alipokwenda kusali hakuna aliyemsema. Walisogea tu akapata nafasi safuni, kama wanavyompisha mgeni.

Siku ya pili mchuuzi mmoja wa Kojani alifia nyumba ya kupanga karibu na soko, hana ndugu mjini. Jecha alikwenda bila kuitwa. Alimkuta Hija kakunja mikono ya kanzu, anachanganya majani ya mkunazi kwenye maji. Hija alisogea upande wa miguuni.

"Shika kichwa," akamwambia.

Jecha akakishika. Mtu yule alikuwa na masikio madogo, kama ya mtoto. Jecha aliyaosha, akayarudia, akayarudia tena, mpaka Hija akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yametosha, maji yanakwisha.