Mtafsiri wa Jumapili

Ummi alikuwa anajua Kiingereza. Si cha kubishana na wakili, lakini miaka ishirini na tano ya kuwashonea watu nguo mtaa wa Yeoville, Johannesburg, haiwezi kukuacha bubu. Hata hivyo kila Jumapili, saa tisa alasiri, alijitia hajui hata neno, akajikalisha mbele ya TV, kwenye kochi la chumba chao cha mtaa wa Bellevue, na kumwambia binti yake Nasra, "Haya, nitafsirie."

Kwao Tanga filamu za kigeni zilitazamwa hivyo: picha inakwenda, na juu yake sauti ya Mswahili mmoja anayetafsiri, anatia chumvi, anawatukana majambazi kwa niaba ya watazamaji. Nasra, mzaliwa wa Johannesburg, aliona ni kichekesho, akakubali. Tamthilia yenyewe ilitokana na riwaya ya kale ya Kiingereza: binti wa kasisi maskini, magauni ya kuburuza, chai isiyokwisha, na watu wanaopendana sehemu sita nzima bila kuambiana. Upuuzi mtupu, aliwaza Ummi. Watu wazima, wana midomo, wanashindwa nini kusema? Lakini hakukosa hata sehemu moja, maana kwa saa ile Nasra alisema Kiswahili.

Siku nyingine zote alijibiwa kwa Kiingereza. Na wa kulaumiwa nani? Mwaka ule wageni walipokuwa wanapigwa na kuchomewa maduka, Nasra ana miaka sita, Ummi mwenyewe alimbana mkono ndani ya teksi iliyojaa abiria akamnong'oneza: usiseme Kiswahili, wakisikia tumekwisha. Mtoto akatii. Fujo zikapita, mtoto akaendelea kutii. Ummi alibembeleza, akafoka, akanuna, wapi! Aliitamani sauti ile kama mgonjwa anavyotamani chakula cha kwao.

Angeendelea na uongo wake mpaka kufa, ila Nasra alipata kazi Cape Town. Basi lilikuwa linaondoka Jumatatu asubuhi, kesho yake baada ya sehemu ya mwisho.

Jumapili hiyo mabegi yalikuwa tayari mlangoni. Kwenye TV shangazi mmoja akasema neno kuhusu kofia ya kasisi, Ummi akaangua kicheko. Nasra alikuwa hajafungua kinywa.

"Likofia lenyewe tu linachekesha," Ummi alijitetea haraka.

"Eish, Mama," alisema Nasra, akaendelea kutafsiri.

Mwishoni binti wa kasisi alipanda gari la farasi kwenda kufanya kazi mbali. Mama yake alisimama getini. Binti akainama dirishani, akamwambia kwaheri, basi. Nasra akavuta pumzi.

"Anasema," alianza, akiyatafuta maneno mojamoja, "anasema anajua mama yake anajua Kiingereza. Anajua toka sehemu ya kwanza. Anasema alinyamaza kwa sababu na yeye alipenda hii Jumapili. Anasema siyo kwamba hataki Kiswahili. Anaogopa. Mdomo unakataa, mpaka aseme maneno ya mtu mwingine."

Ummi aliwakodolea macho wale farasi, maana hakuthubutu kutazama kwingine.

"Na mama yake anajibuje?"

"Hasemi kitu. Anapunga mkono tu."

"Basi hukumsikia vizuri. Anasema alikuwa mjinga. Alikuwa na hofu yake, akambebesha mwanawe miaka kumi na saba. Anamwomba msamaha. Anasema aseme popote anapotaka, hata kwenye teksi, tena kwa sauti."

Majina ya waigizaji yakaanza kupita. Nasra akaizima TV, akarudi kukaa karibu na mama yake, mabega yakagusana.

"Mama," alisema Nasra kwa Kiswahili, "mimi naogopa kwenda."