Siku Vinyozi Walipokosa Nyuso

Sisi vinyozi tuna desturi: asubuhi ya uchaguzi wa chama chetu tunanyoana wenyewe kwa wenyewe. Kiongozi hachaguliwi na vichwa vichafu. Basi tuliingia ukumbini tunameremeta, videvu vinanuka spiriti.

Mwenyekiti alikuwa ametuletea mashine. "Karatasi zimepitwa na wakati," alisema. "Hii inawajua nyote kwa sura. Itazame, mtaje unayemtaka, kwisha kazi."

"Nimtaje kwa sauti? Mbele yako?" akauliza Mjomba, mpinzani wake.

"Kwani una la kuficha?"

Mjomba aligombea kwa jambo moja tu. Mwenyekiti alitaka kila kiti cha kunyolea kifungiwe kamera ya kunasa picha na maneno, eti kwa usalama. Na mteja akishavikwa shuka, humwaga yote: bosi, ndoa, mama mkwe. Akijua ananaswa, si bora afuge rasta?

"Na kiti changu cha nyuma ya pazia, cha wanaopaka mvi rangi," Mjomba akauliza taratibu, "nacho kitafungiwa?"

Mwenyekiti, ambaye peke yake hakunyolewa kichwa asubuhi hiyo, akapapasa nywele zake, nyeusi kuliko umri wake. "Vi... viti vyote."

Babu Wembe, mkubwa wetu, akatangulia.

"Uso haujulikani," ikasema mashine.

"Hunijui mimi? Nimemnyoa hadi aliyekuunda!"

Kumbe siku ya kupigwa picha tulikuwa na ndevu na nywele kama vichaka. Sasa tulikuwa mayai. Kila aliyesogea, uso haujulikani. Mjomba akazoa nywele barazani tuliponyoana, akajibandika kidevuni.

"Mbuzi," ikasema mashine.

Katika vicheko mtu akaisukuma, ikageukia bango la Mwenyekiti ukutani.

"Karibu. Unamchagua nani?"

"Igeuzeni!" Mwenyekiti akafoka. "Mimi Mwenyekiti nasema igeuzeni!"

"Mwenyekiti. Kura moja. Ahsante. Karibu tena."

"Nyamaza! Humjui Mwenyekiti?"

"Mwenyekiti. Kura mbili. Ahsante."

Kadiri alivyowaka ndivyo alivyoshinda. Babu Wembe akachomoa waya. "Huyu atatawala mpaka ahera. Leteni mashuka!"

Kila mmoja akajifunga shuka la kunyolea shingoni, mikono ndani, kiganja kimoja na pamba, kingine na kitana. Pamba ni Mjomba, kitana ni Mwenyekiti. Ndoo ikapitishwa chini ya mashuka, imetandikwa taulo ili kitana kisilie. Kisichotumika, mfukoni. Hata Mwenyekiti alipiga, kidevu juu, macho darini.

Babu Wembe akaimimina ndoo mezani.

Pamba. Pamba tupu, kama wingu limeanguka. Akakung'uta taulo, akapiga ndoo kitako. Kitana hakuna, hata jino lake.

Tukageuka sote kumtazama Mwenyekiti.

"Hata wewe?" Mjomba akauliza.

Mwenyekiti akavuta shuka mpaka puani.

"Kura," alisema, "ni siri."