Kitambaa cha Ishirini

Wenzake walimwita Bi Samahani, na jina hilo alilifanyia kazi. Akikukanyaga atasema samahani, ukimkanyaga yeye atasema samahani vilevile. Mume wake alikuwa akiapa kwamba siku moja alimsikia akiliomba radhi kabati, na watoto walicheka mpaka wakapaliwa na chai. Lakini katika chumba cha upasuaji, alikofanya kazi kwa miaka kumi na minne, hakuna aliyethubutu kumcheka. Kazi yake ilikuwa kuhesabu.

Kila kitambaa kilichoingia tumboni mwa mtu kunyonya damu, yeye ndiye aliyekuwa na habari zake. Vilikuja katika mafungu ya vitano vitano, kila fungu limebanwa na ukanda wa karatasi, kila kitambaa kina uzi wa bluu pembeni. Aliandika idadi kwenye ubao mweupe ukutani, ambako kila mtu aliiona. Vikitoka, alivitandaza sakafuni juu ya nailoni na kuvihesabu kwa kidole. Mpasuaji hakuomba uzi wa kushonea mpaka asikie Bi Samahani akisema neno moja, "Vimetimia." Sheria hiyo haikuwa imeandikwa popote. Ilikuwa desturi ya chumba, na kila aliyeingia aliikuta.

Basi akaja mgeni, daktari bingwa kutoka ng'ambo, kwa wiki mbili, kuwapasua wale ambao maradhi yao yaliwashinda wenyeji. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na safari hii msemo ulikuwa na maana yake kamili, maana wapo waliokuwa wamesubiri miezi. Ila mgeni alijua Kiingereza tu. Metroni, mkuu wa wauguzi, mwanamke aliyepiga pasi hata soksi zake, akaiona aibu inakuja. Akamleta mwalimu jioni tatu mfululizo awafundishe wauguzi Kiingereza cha adabu.

Mwalimu yule alijaa bidii kupita kiasi. Aliwaambia kwamba mstaarabu haanzi na jambo lake. Anaanza na sori, kisha anauliza kama mwenzake ana nafasi, kisha anasema kama hutojali, kisha ikiwezekana, ndipo jambo lenyewe linaingia, tena liingie kwa kunyata. Neno "hapana" ni la wagomvi. Badala yake sema unaogopa kwamba haitawezekana, kwa kuwa wenye lugha yao husema wanaogopa hata pale wasipoogopa chochote. Na ukijibiwa lolote, hata ukinyimwa, thenkyu. Bi Samahani aliona kwamba hatimaye amepata lugha iliyotungwa kwa ajili yake. Akayakariri yote, akawa anamwomba mume wake chumvi kwa sentensi ndefu mpaka chakula kinapoa.

Jioni ya tatu Metroni alifanya jambo moja zaidi. Alifuta ubao wa hesabu, akayaandika maneno yote ya adabu kwa wino mwekundu, mstari kwa mstari, ili asiwepo wa kujitetea kwamba amesahau. Bi Samahani akauliza, samahani, yeye ataandika wapi? Akaambiwa aandike kwenye karatasi, wiki mbili si milele. Kisha Metroni akawatangazia wote kwamba atakayemkosea mgeni adabu atahamia chumba cha kufulia, akafue mashuka mpaka astaafu. Metroni hakuwa mtu wa mizaha, na Bi Samahani alikuwa na watoto wawili shuleni.

Siku ya nne ya mgeni aliletwa mpishi wa shule, mama wa watoto watatu, mwenye uvimbe tumboni uliowafanya watu wampongeze kwa ujauzito kwa mwaka mzima. Aliposukumwa kuingia ndani alimshika Bi Samahani mkono.

"Dada, mimi nikilala, wewe ndiye utakayekuwa macho?"

Bi Samahani akamwambia ndiye.

"Basi nakukabidhi tumbo langu. Limewalisha wengi, lirudishe salama."

Mume wa mpishi alibaki kwenye benchi la korido na mfuko wenye kandambili za mkewe. Alikuwa ameambiwa asubiri kwa muda wa saa mbili.

Saa ya kwanza ilikwenda vizuri. Mgeni alikuwa na mikono myepesi, akisema plizi na thenkyu kwa kila koleo na kila mkasi. Muuguzi wa vyombo, waliyemwita Mrefu, hakujua Kiingereza zaidi ya majina ya vyombo vyake, lakini alimpa mgeni anachotaka kabla hajamaliza kukitaja. Kwenye kichwa cha mgonjwa aliketi Mzee wa Usingizi, mtaalamu wa kulaza wagonjwa, macho yake yakiwa kwenye mashine. Metroni alisimama pembeni kwa barakoa safi, kama mama mwenye harusi.

Ndipo mshipa mmoja ukapasuka, tumbo likajaa damu. Vitambaa vikaingia kwa pupa, vitano, na vitano tena, mgeni akivisukuma kila pembe bila kuinua kichwa. Karatasi ya Bi Samahani ilirukiwa na maji ya beseni ikalowa, akabandika plasta kwenye mkono wa gauni lake akaandika hapo. Fungu la nne lilipofunguliwa, mgeni aliubana ule mshipa, akaufunga, damu ikakata. Kila mtu akashusha pumzi. Mzee wa Usingizi akasema presha imeshuka, afadhali wamalize upesi. Vitambaa vikaanza kutolewa.

Bi Samahani alivitandaza kwenye nailoni. Vilikuwa kumi na tisa.

Alikuwa bado ameinama pale sakafuni aliposikia mgeni akiomba uzi, plizi. Hakusubiri neno lolote. Mkono wa Mrefu ukasita, akamtazama Bi Samahani, kwa kuwa neno la chumba lilikuwa halijasemwa. Lakini mgeni ni mgeni, na Metroni alikuwa anatazama. Mrefu akatoa uzi.

Bi Samahani akasogea hatua moja. Juu ya bega la mgeni aliyaona maneno mekundu ubaoni, akaanza na mstari wa kwanza kama alivyofundishwa. Sori, daktari, samahani kwa kukusumbua, kama una nafasi kidogo, na kama hutojali... Alikuwa hajalifikia neno la kitambaa wakati mgeni alipomjibu, kwa upole mkubwa na bila kuinua macho, kwamba ni mwema sana, baada ya muda mfupi tu, thenkyu. Sindano ikaingia, ikatoka.

Na mwanamke yule, kwa adabu zake, akasema thenkyu. Ungekuwepo ungemtikisa mabega.

Akarudi kuhesabu. Akaangalia ndani ya ndoo, chini ya meza, nyuma ya magurudumu. Akamfanya Mrefu ainue mguu mmoja, kisha wa pili. Kumi na tisa. Akasogea tena na mstari mwingine wa ubaoni. Anaogopa kwamba huenda, pengine, kuna tofauti ndogo katika hesabu, kama ingewezekana. Safari hii hakuwa akisema kwa mazoea. Alikuwa anaogopa kwelikweli. Mgeni akamshukuru, akasema ana hakika mambo ni sawa, je, anaweza kuhesabu tena, plizi? Wakati huohuo Mzee wa Usingizi akataja presha, namba mbaya kuliko ya kwanza, na mgeni akaongeza kasi.

Metroni akamfikia Bi Samahani sikioni. Akamwambia kwa kunong'ona kwamba anamsumbua daktari, karatasi yake ililowa, bila shaka amekosea kuandika, arudi mahali pake.

Hapo ndipo maji yalipomfika shingoni. Ubao ungekuwepo, watu watano wangeiona ishirini. Sasa ishirini ilikuwa juu ya kipande cha plasta, kwa mwandiko wa haraka wa mtu mmoja, na huyo mmoja akaanza kujitilia shaka. Labda fungu la nne lilikuwa na vinne. Labda aliandika mara mbili. Ingekuwa raha iliyoje kuwa amekosea.

Lakini aliwahi kukiona kilichosahauliwa. Mwaka wake wa pili kazini aliletwa mzee mmoja aliyepasuliwa kwingine, ana homa isiyoshuka wiki tatu, na walipomfungua harufu iliwatoa watu nje. Yule mzee hakurudi kwake. Bi Samahani alitia mkono mfukoni, kwa sababu alikuwa na tabia moja ambayo hakuna aliyemfundisha: kila alipofungua fungu alilihesabu, kisha akauweka ukanda wake wa karatasi mfukoni. Akazitoa. Kanda nne. Mafungu manne, vitano vitano, na yeye ndiye aliyevihesabu kila fungu lilipofunguliwa.

Maneno matamu humtoa nyoka pangoni, lakini kitambaa hakina masikio.

"Kama una neno, mama," alisema Mzee wa Usingizi kwa Kiswahili, macho bado kwenye mashine, "liseme sasa. Huyu hana muda."

Bi Samahani hakumtazama mgeni. Alimtazama Mrefu.

"Usimpe uzi."

Mkono wa Mrefu ukasimama katikati. Mkono wa mgeni ukabaki wazi hewani, ukingoja, na kwa mara ya kwanza tangu afike akainua kichwa kumtafuta mtu wa nyuma yake.

"No," alisema Bi Samahani. "Stop. Twenty." Akaonyesha zile kanda nne kiganjani, kisha akaelekeza kidole sakafuni. "Nineteen."

Hakutia sori mbele wala plizi nyuma. Kwa pembe ya jicho alimwona Metroni akishika ukuta. Alijua kwamba chumba cha kufulia kiko orofa ya chini, kina joto, hakina dirisha, na aliona heri hivyo.

Mgeni alizitazama kanda, akaitazama nailoni, midomo yake ikihesabu nyuma ya barakoa. Hakusema thenkyu. Alichukua mkasi akaanza kuzikata nyuzi zake mwenyewe, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Tumbo lilipofunguka damu ilianza tena kuchuruzika kwenye ule mshipa, Mzee wa Usingizi akatundika chupa ya damu na kuikamua kwa mikono miwili. Mgeni akaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, juu, nyuma ya ini, akapapasa huku macho ameyafumba. Mkono ukatoka na kitu cheusi kilichojikunja, si kikubwa kuliko leso, kinaning'iniza uzi wa bluu.

Akakidondosha juu ya nailoni. Bi Samahani akapiga magoti, akahesabu upya vyote, kuanzia cha kwanza, kwa kidole, na hakuna aliyemharakisha.

"Vimetimia," alisema.

Ndipo mgeni alipoomba uzi.

Ilichukua dakika arobaini zaidi na chupa mbili za damu. Mpishi hakupelekwa wodini kama ilivyopangwa, alipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi, mweupe midomo kama mtu aliyelamba unga. Mzee wa Usingizi alisema atapona, ila taratibu, na hakuyapenda yale mapigo ya moyo.

Kwenye sinki la kunawia mgeni alimwuliza Bi Samahani jambo, kwa ukali, na Mzee wa Usingizi akalitafsiri. Anataka kujua kwa nini hakumwambia mapema. Kwao, alisema, hesabu isipotimia mtu hupaza sauti. Asiposikia kelele anajua mambo ni sawa.

"Mwambie nilimwambia," alisema Bi Samahani. "Mara mbili."

Mgeni akasikiliza, akafunga bomba la maji. Ukali ukamwishia usoni. Mzee wa Usingizi alitafsiri tena, polepole.

"Anasema yeye alisikia mtu anayeomba ruhusa. Hakusikia mtu anayemwambia kitu."

Bi Samahani alirudi ndani kuchukua barakoa yake akamkuta Metroni amepanda kiti, anafuta ubao kwa spiriti. Wino mwekundu ulikuwa mgumu kutoka, naye alikuwa anausugua kwa nguvu zake zote, nywele zimemtoka kofiani. Habari za chumba cha kufulia hazikutajwa tena, siku ile wala baadaye, na ungedhani hilo lingemfurahisha.

Ila yeye alikuwa anahesabu kitu kingine. Tangu alipojua vitambaa ni kumi na tisa mpaka aliposema "No", zilipita nyuzi kumi na moja. Uzi wa kwanza ulikuwa bado mkononi mwa Mrefu wakati yeye anauliza kama daktari ana nafasi.

Mume wa mpishi aliinuka kwenye benchi alipomwona, mfuko wa kandambili ukiwa bado mkononi. Alitazama gauni lenye damu, plasta mkononi, kisha uso. Bi Samahani akamweleza kwamba mkewe yu hai, uvimbe umetoka, na atalazwa chumba cha mahututi siku kadhaa kwa sababu amepoteza damu nyingi. Mwanamume yule aliketi, akainuka tena.

"Shukrani, dada. Mungu akubariki. Lakini samahani, mbona mmechelewa hivyo? Mlisema saa mbili."

Angeweza kumwambia kwamba tumbo lilikuwa gumu, kwamba mshipa ulipasuka. Yote yalikuwa kweli.

"Ni mimi," alisema Bi Samahani. "Nilikuwa natafuta maneno mazuri."

Mwanamume hakumwelewa. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru tena.