Matundu ya Rangi

Vitus mchoraji alijulikana kwa mambo mawili pale Viwanja Sitini, Ifakara. La kwanza, akikuchorea kuku kwenye ukuta wa mgahawa wako, watu wataingia kuulizia kuku hata kama wewe unapika maharage tu. La pili, hakuna mteja aliyewahi kumsikia akisema hapana. Ukimwambia fanya hivi, anakujibu "sawa kabisa," kisha anafanya anavyotaka yeye. Kwenye mabango ya saluni tabia hiyo haikumdhuru mtu.

Mwezi wa saba ukaja mradi wa kupaka rangi maghala ya zamani ya mpunga, ili watu wa bonde wasisahau walikotoka, na Vitus ndiye aliyeitwa. Ghala la kwanza lilikuwa la Bibi Yosefina, katika kijiji kimoja kabla hujafika Chita. Baba mkwe wake alilijenga wakati reli haijapita huko: kuta za fito na udongo, paa la nyasi, na lote limekaa juu ya magogo ili maji ya masika yapite chini. Juu, karibu na paa, palikuwa na mstari wa matundu, kila moja la kuingia kidole gumba, ghala lipate kupumua.

Humo ndimo bibi alimohifadhi mbegu ya shingo ya mwali, mpunga wa zamani ambao wengi walishaupoteza kwa kukimbilia mbegu za dukani. Kila mwaka kabla ya mvua za kupandia, wanawake wa vijiji vinne walikuja kuchukua mbegu kwake, na haijatokea hata mara moja ikakataa kuota. Mume alishafariki, watoto wametawanyika. Sifa ya mbegu ndiyo aliyobaki nayo.

"Fundi," alimwambia Vitus siku ya kwanza, "paka chokaa na udongo wa rangi. Usiniletee rangi ya mafuta, itaziba pumzi ya ukuta. Na hayo matundu usiyaguse."

"Sawa kabisa, bibi."

Akapaka rangi ya mafuta. Chokaa ingefifia, naye alitaka picha ambayo mtu ataiona akiwa bado yuko ndani ya treni. Alichora uso wa bibi mwenyewe, ukajaa ukuta mzima, amefunga kilemba, ameshika suke la mpunga. Uso ulitoka vizuri, nani atabisha. Tatizo lilikuwa matundu. Yalikatiza katikati ya kilemba na kuharibu mikunjo ya kitambaa. Vitus akayaziba kwa puti, moja baada ya jingine, akapiga msasa mpaka ukuta ukawa laini. Kisha, kwa kuwa alijua macho ya bibi yana ukungu, alichukua brashi ndogo akachora vidoa vyeusi palepale yalipokuwa matundu, vya mviringo, hata na kivuli kidogo upande mmoja.

Bibi Yosefina alisimama chini, akainua uso, akahesabu kwa kidole.

"Yapo yote," akasema. "Mungu akubariki, mjukuu wangu."

Vitus akaitikia amina. Tena aliitikia kwa sauti, bila hata kupepesa macho, na njiani kurudi Ifakara alijiona mjanja kweli kweli.

Picha ikazunguka kwenye simu za watu. Obadia, afisa wa mradi, akaitia kwenye kalenda. Pale Viwanja Sitini wakaanza kumwita Profesa, naye akawa anaitika.

Mwezi wa kumi na moja alikuwa Mang'ula, juu ya ngazi, anachora ghala la pili. Akapita Mama Febronia, mwenyekiti wa jumuiya anakosali Bibi Yosefina. Mama huyo alikuwa ametoka kumwona binti yake na sasa anaelekea stesheni.

"Profesa! Yule bibi yako wa ukutani katuangusha mwaka huu."

"Kafanyaje?"

"Mbegu imeoza. Ghala zima! Kafungua tukakuta ukungu, imeshikana mabonge. Mwenyewe anasema aliuingiza mpunga haujakauka. Uzee huo, baba. Tumemcheka mpaka basi. Sasa kila mtu anahangaika na mbegu ya dukani."

Mama Febronia akaenda zake kuwahi treni. Vitus akabaki na brashi mkononi, na rangi ikawa inamdondokea kwenye kiatu.

Siku tatu alijitetea. Labda kweli mpunga haukukauka. Labda nyasi za paa zilivuja. Wazee wanasahau, nani asiyejua? Lakini kila alipofumba macho aliviona vile vidoa vyeusi, na kile kivuli alichokiongeza kwa madaha. Angesahau tu kuyaacha wazi, angeweza kusema nilisahau. Kivuli kile kilimnyima hata hilo. Jumamosi asubuhi akapiga moyo konde, akawasha pikipiki.

Alimkuta bibi uani, ameketi mbele ya turubai lililojaa mpunga uliogeuka rangi. Harufu ya uvundo ilimpokea kabla ya mwenyeji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Karibu. Usinitazame, nimeaibika." Akamfunulia kitambaa kibichi alichokuwa ameviringishia punje za kujaribia. Katika kiganja kizima zilikuwa zimeota tatu. "Nilianika siku sita, kama siku zote. Sasa najiuliza, au zilikuwa nne? Kichwa hiki kimekwisha. Watu wanamwaga jasho lao kwa kuniamini mimi, halafu nawapa makapi."

Hapo ndipo mahali pa kusema. Hata mtoto angejua kwamba ndipo hapo. Vitus akafungua mdomo, akasema, "Pole, bibi," akaufunga tena.

Kwa kuwa ulimi ulikuwa umemgomea, akaona afadhali mikono ifanye. Akatoa skrepa kwenye mfuko wa pikipiki, akaegemeza ngazi ukutani, akapanda, akaanza kukwangua. Alianzia kwenye kilemba. Rangi ikatoka kwa vipande, na chini yake udongo ulikuwa umelowa, unabonyea kwa kidole. Alijiambia kwamba atayafungua matundu, atakwangua ukuta wote, na bibi ataelewa mwenyewe bila maneno.

Bibi Yosefina aliinuka kwa kushika kiuno, akasogea mpaka chini ya ngazi.

"Unafuta picha?"

"Ndiyo, bibi."

"Umefanya vizuri." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nilitaka kukuomba, nikaogopa utaona sina shukrani, maana uliifanyia kazi. Lakini mtu aliyeozesha mbegu za wenzake akae ukutani anacheka? Futa, mwanangu. Futa uso wote."

Vitus alitamani ngazi ivunjike. Alikuwa amekuja kupunguza kosa, na sasa alikuwa anamsaidia bibi kujihukumu. Akashuka.

"Bibi, mpunga wako ulikauka."

"Nani kakwambia?"

"Niliziba matundu. Yote. Nikapaka rangi ya mafuta. Yale uliyoyahesabu siku ile niliyachora kwa brashi."

Bibi alipangusa viganja kwenye kitenge. Akapanda ngazi, mwanamke wa miaka sabini na tano, na Vitus akaishika huku akiogopa kumwambia asipande. Juu pale akapapasa ukuta, akapata kidoa kimoja ambacho skrepa haikukifikia. Akakibonyeza kwa kidole gumba. Kidole hakikuingia. Akakibonyeza tena.

"Nilikuombea baraka," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Ukaitikia amina."

Bibi akashuka taratibu, hatua moja moja, akakataa mkono wake.

"Leo jumuiya wanasali kwa Febronia, nyumba ya tatu kutoka kwenye mnara wa simu. Mimi sijaenda, naona haya. Nenda wewe. Uwaambie kama ulivyoniambia mimi, usipunguze."

Akaenda kwa miguu. Pikipiki ingemfikisha haraka mno. Aliwakuta wameketi kwenye mikeka, wanawake kumi na kitu na wanaume watatu, wamefika kwenye matangazo. Mama Febronia akamkaribisha kwa makofi, Profesa huyo, jamani! Vitus akasimama katikati yao. Akasema kuhusu chokaa, kuhusu puti, kuhusu rangi ya mafuta. Alipofika kwenye vidoa alikwama, akajikaza kisabuni, akasema na vidoa, na kivuli.

Hakuna aliyecheka. Walitazama chini, wakatazamana. Mzee mmoja akasema kukosea ni ubinadamu, kijana kaonyesha ujasiri kuja. Mwingine akasema pole. Mama Febronia, ambaye hakutaka macho yake yakutane na ya mtu, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai, akamwekea mikononi. Vitus akainywa kwa sababu hakujua aiweke wapi, na kila funda lilimchoma.

Aliporudi, bibi alikuwa amekunja kitenge, yuko hadi viwiko kwenye udongo aliouchanganya na mavi ya ng'ombe, tayari kukandika ukuta upya. Uso wa ukutani ulikuwa umebaki nusu. Pembeni ya turubai, katika kikombe cha bati, alikuwa amezitenga zile punje tatu.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, bibi. Yote."

"Na vidoa?"

"Na vidoa."

"Wakasemaje?"

"Wamenipa pole. Wakasema nina ujasiri. Mama Febronia kanipa chai."

Bibi Yosefina aliendelea kukanda udongo. Kisha akaisukuma ndoo upande wa Vitus, apate naye mahali pa kuingiza mikono.

"Mimi walinicheka," akasema.