King'ora Kilicholia Bure

Siku king'ora cha mto kilipolia bure, mhandisi aliyekiundia mawasiliano, dada mmoja, alikuwa ofisini akimenya chungwa. Alimsikia fundi mitambo, ambaye kila mtu alimwita Mawimbi, akipayuka kwenye simu: "Maji yamepanda? Yamepandaje na mvua ndiyo kwanza inaanza?" Dada yule aliacha chungwa lake, akaenda dirishani. Radi zilikuwa zikipasuka upande wa milimani, na huku chini, mtaa wa bondeni, watu walishaanza kukimbia.

Mto haukupanda. Waliokimbia walirudi jioni, wengine viatu mkononi, wakicheka na kutukana. Ila fundi cherehani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa na chumba cha kushonea karibu kabisa na ukingo, hakurudi nao. Alijitwika cherehani yake akakimbia nayo, akateleza kwenye ngazi za zege, na chuma kile chote kikamwangukia mkono wa kulia.

"Ni radi," mkuu wa kitengo alisema kesho yake. "Radi haina mwenyewe. Twende tukampe mgonjwa pole, tuendelee na kazi."

Mhandisi aliitikia kwa kichwa. Lakini alikuwa na wasiwasi wake.

Kipimo cha mtoni hutuma kimo cha maji kwa redio, kwa msururu wa moja na sifuri. Njiani, kelele za hewani huweza kugeuza moja ikawa sifuri. Ndiyo maana kila neno, yaani kila fungu la tarakimu hizo, huongezewa tarakimu za ziada, ili kipokezi kilicho kwenye nguzo ya king'ora kitambue palipoharibika na kupasahihisha chenyewe. Ukiweka nyingi na kuzifunga kwa hesabu nzito, ujumbe hustahimili karibu kila kitu, lakini kipokezi huhangaika, betri huisha upesi na tahadhari huchelewa. Ukiweka chache, mambo ni mepesi, ila kinga ni nyembamba. Kazi yake ilikuwa kutafuta pa kusimama katikati.

Naye alisimama upande wa wepesi. Msimbo aliouchagua, yaani mpangilio wa tarakimu za ziada, uliweza kusahihisha kosa moja tu katika kila neno. Mkutanoni aliuita mlingano mzuri kati ya nguvu na uzito, wakampigia makofi.

"Hebu njoo uone," Mawimbi alimwita alasiri ile, akimwonyesha kwenye skrini ishara zilivyopokelewa. "Radi moja imegeuza tarakimu za jirani, neno moja lina makosa kadhaa. Mashine yako ikajiona imesahihisha, kumbe imeharibu na ile iliyokuwa nzima. Maji ya magotini yamekuwa ya kufika paani."

Dada aliyafuata makosa yale kwa kidole kwenye skrini. "Ningezitawanya," alisema.

"Ungetawanya nini?"

"Tarakimu. Hutumi neno moja lote halafu linalofuata. Unatuma tarakimu ya kwanza ya kila neno, kisha ya pili ya kila neno, hivyo hivyo. Radi ikipiga inakwangua moja hapa, moja pale, na kila neno linajitibu. Hesabu ni zile zile nyepesi. Ni kusubiri kidogo tu mpaka maneno yote yakamilike."

Mawimbi aligeuka na kiti chake. "Ulikuwa unajua hilo?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa?"

Alirudi kutazama skrini. Siku alipomaliza kukijaribu kifaa alikuwa amechoka. Akizitawanya tarakimu, majaribio yangeanza upya, na mumewe alishafunga mizigo, mama mkwe anawangoja. Aliona kifaa kinafanya kazi, kuna jua, hakuna hata wingu, akafunga kompyuta akaondoka. Lile neno mlingano alilitafuta baadaye, la kuvalia mkutanoni.

Walipokwenda kumjulia hali fundi cherehani, walimkuta kitandani kwake, plasta imemfunga kutoka kiwiko hadi vidoleni. Daktari, alisema, hakumpa matumaini makubwa ya vidole. Mkuu akamweleza habari ya radi kwa maneno matamu.

"Jamani, msijisumbue," mama alisema. "Kwani nyie mna ubaya gani? Hicho kitu kinatuhurumia sisi wa huku chini. Nikikisikia tena nitakimbia tena." Akamgeukia mhandisi. "Wameniambia wewe ndiye uliyekitengeneza. Mungu akuweke, mwanangu. Mpeni maji ya kunywa huyu."

Mhandisi alikunywa maji yale. Nyumbani mumewe alimuuliza ana nini, akasema kichwa. Mume akamletea dawa, akaimeza, ili tu asiulizwe tena.

Kesho yake alirudi peke yake.

"Hodi, mama."

"Karibu. Umesahau kitu?"

Alikaa kwenye kigoda, akasema yote. Hakutaja redio wala hesabu zaidi ya ilivyolazimu. Alisema kulikuwa na njia ya kuzuia kosa lile, aliijua, na hakuifuata kwa sababu alitaka kuwahi safari.

Mama alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akauinua mkono wenye plasta kwa ule mzima, akaulaza mapajani.

"Kwa hiyo hii ndiyo safari yako."

"Ndiyo, mama."

"Na jana ukakaa hapo hapo, ukanywa maji yangu, ukaniacha nikuombee dua."

Dada aliinuka kwenye kigoda.

"Nenda," mama alisema. "Nenda tu, nisije nikatamka neno nikalijutia. Na hicho kitu ukakitengeneze."

Mkuu alipopata taarifa aliyoandika dada, yenye ukweli mtupu, alishika kichwa. "Nani alikuuliza? Unajipalia makaa mwenyewe!" Alimwondoa kwenye uongozi wa mradi, akamweka chini ya Mawimbi. Hilo halikumuuma, kwa kweli alitamani limuume zaidi. Walitawanya tarakimu kama alivyosema, wakazisumbua kwa kelele za kila namna, na safari hii hakuondoka mpaka Mawimbi mwenyewe alipomwambia, "Imetosha, dada. Utaichosha mashine kabla ya mvua."

Mvua kubwa zikaja. Adhuhuri moja king'ora kikalia, na mhandisi akakimbilia skrini: maneno yalikuwa yamekwanguliwa na radi hapa na pale, na yote yamejitibu. Maji yalikuwa yanapanda kweli. Lakini picha ya kamera ya bondeni ilimwonyesha watu wamesimama milangoni, wanatazamana, mmoja anapunga mkono kama anayefukuza nzi. Walishadanganywa mara moja. Hilo halikuwemo katika hesabu yoyote aliyowahi kufanya.

Alimpigia fundi cherehani.

"Mama, ni mimi. Ni kweli safari hii."

"Nani kasema?"

"Mimi nasema. Nimeangalia kwa macho yangu."

"Wewe," mama alisema, na neno lile likaning'inia. Mara akasikika akiwapigia kelele majirani, sauti ikizidi kwenda mbali: "Nyie! Tokeni majumbani! Haya, toeni wazee!" Simu ikakatika.

Walitoka wote, mzee wa mwisho akibebwa mgongoni, maji yakiwa yameshafika kwenye vizingiti. Cherehani safari hii hakuna aliyeigusa. Chumba cha kushonea kilijaa matope hadi dirishani.

Ofisini watu walipeana mikono. Mawimbi alimnyooshea mhandisi na yeye, dada akaupokea mkono wake, kisha akaenda msalani akalia, bomba likiwa wazi ili wasimsikie.

Fundi cherehani alipanga chumba kingine mtaa wa juu, akamchukua binti wa dada yake akanyage pedali. Vidole vya mama mwenyewe havikukubali tena mkasi. Siku mhandisi alipopita kumsalimu, mama hakumkaribisha kiti. Alimsukumia kitambaa kilichochorwa kwa chaki.

"Kata hapo. Fuata mstari."

Alikata. Mama akakiinua kitambaa kwenye mwanga, akakitazama ukingo wake.

"Umepinda," alisema. "Lete kingine."