Daktari wa Meno na Valvu Zake

Daktari wa meno alilipenda gari lake la kale la michezo kuliko wakwe zake, wala hakuficha. Lilipoanza kugonga tik-tik-tik alimpelekea shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliyekuwa fundi.

Shemeji alingoja injini ipoe, akafungua kifuniko, akapima nafasi ya kila valvu, vile vilango vya kuingiza hewa na kutoa moshi, kwa kibati chembamba na kuzirekebisha.

"Mbona bado inagonga?" daktari alifoka alipowasha.

"Kidogo tu, shemeji. Hiyo ndiyo afya yake. Ukizikaza mpaka zinyamaze, hazitafunga vizuri, zitaungua."

"Nimeziba meno miaka thelathini! Mambo ya nafasi unanifundisha wewe?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Jumamosi alizikaza mwenyewe, injini ikanyamaza kama maji mtungini. Akavaa glavu za ngozi, akampakia mkewe, wakaukabili mlima. Katikati gari likakohoa, likazimika, likagoma kuwaka tena.

Shemeji alikuja na pikapu yake. "Kweli mgonjwa wako amenyamaza, daktari," alisema akifunga kamba.

Mkewe alicheka hadi machozi, akahamia kwenye pikapu. Daktari alikokotwa nyuma peke yake, akiwapungia majirani mkono kana kwamba ndivyo alivyopanga.