Sikio Kwenye Reli

...gonga basi, shemeji, mbona umesimama, anasema Semboja, na Semboja amelala kifudifudi kwenye vumbi la uwanja wa vyuma chakavu hapa Korogwe, sikio kalibana kwenye reli kuukuu ya toroli za mkonge, shingo yote nje, na Mhina kasimama juu yake na nyundo ya kupasulia mawe ameinua mpaka nyuma ya kisogo, mabega yameanza kuwaka moto, gonga, anasema huyu, gonga, utafikiri hajui anamwambia nani, ndivyo reli inavyopimwa, wazee wa mashamba ya mkonge walipima hivyo, mmoja anagonga mwenzake anasikiliza, nzima inaimba, yenye ufa inakohoa, sawa, lakini utosi ule pale, utosi wenyewe mwembamba, pigo moja tu utapasuka kama kibuyu, hata yalaa hatasema, na nani atabisha, nyundo iliteleza, jasho, bahati mbaya, si ndivyo walivyomwambia yeye msibani, ni kazi ya Mungu, Mhina, pokea, kazi ya Mungu wapi! Mungu ndiye aliyelaza milingoti ya mkonge juu ya korongo akaiita daraja? ... “Chagueni upesi, kaka zangu,” Joyceline mwenye uwanja anapaza sauti toka kivulini kwenye turubai lake, anamenya karanga, “hizo kuna mtu wa Kerenge anazitaka, kama hamzitaki chukueni mkaratusi, ukiupaka oili chafu mchwa hausogelei,” na neno mchwa linamwingia Mhina kama mwiba, mchwa, tangu asubuhi wanachagua, mninga wamepindua, mkaratusi wamepindua, nguzo ya umeme iliyokatwa wamepindua, na kila mti Semboja anaubonyeza kwa kucha, anaunusa, leo ndiyo amejua kunusa! masika alikuwa hana pua? daraja la shamba tu hili shemeji, alisema, la kupita mtu na baiskeli, mninga wa nini, akaleta milingoti, ile inayochomoza mkonge ukizeeka, mirefu, imenyooka, myepesi hata mtoto anabeba, na kweli watu wa huku wanajengea kila kitu, banda la mbuzi, dari, choo, lakini korongo, Semboja, korongo! akaipanga, akaifunga kwa kamba za katani, akamwaga nyasi, akashindilia udongo juu, likapendeza, likawa kama barabara, mchwa wakala chini kwa raha zao huku juu watu wanasifia, na Chausiku... Chausiku mke wake alikuwa katikati na gunia la mahindi kichwani, maji mekundu yanaguruma chini, yeye Mhina kashatangulia ng'ambo anafunga gunia lake kwenye baiskeli, akageuka kumwambia fanya haraka mama Munira mvua hiyo, na Chausiku akacheka, alikuwa anacheka, mdomo ule ule wa kucheka ndio ulioita baba Munira! udongo ulipofunguka akazama mpaka kifuani, akadaka mlingoti, ukawa vumbi mkononi, akadaka mwingine, vumbi, wa tatu, na baadaye maji tu, maji na gunia linaelea... walimkuta mbali huko chini amenasa kwenye mizizi, mdomo umejaa tope, ngozi ya uso imebaki kwenye mawe, na Bibi Shida, mkwe wake, mama aliyemzaa Chausiku na akamzaa huyu aliyelala hapa, ndiye aliyemwosha pamoja na wanawake, akatoka nje kiganja wazi, akapita mbele ya wanaume mmoja mmoja akiwaonyesha, chenga za mkonge, alizitoa chini ya kucha za mwanawe, na pale makaburini, udongo haujashikana, Mhina alimrukia Semboja kooni, gumba likazama chini ya kidevu, macho yakamtoka, ulimi ukamtoka, na wallahi kulikuwa na utamu, utamu ulipanda toka vidoleni mpaka moyoni, ilibidi wamvunje kidole ndipo aachie, kidole chenyewe hiki kinauma sasa kwenye mpini, kinakumbuka... “Hiyo nzito lakini haiozi, baba, hiyo mtawaachia wajukuu,” anasema Joyceline, ganda la karanga analitema pembeni, wajukuu, hata Bibi Shida alitaja wajukuu, aliwaita wote wawili akawakalisha mkeka mmoja, mahindi yanaoza shambani ng'ambo ya korongo, akasema, wajukuu zangu wanakula makopa ya muhogo, nendeni Korogwe mkachague kitu cha daraja, nendeni pamoja, na atakayerudi peke yake asinipe shikamoo, haya, Bibi, nisamehe, utaikosa shikamoo yangu, sasa, Mhina anavuta pumzi, sasa hivi, bismillah... ngoja. Ngoja kwanza. Sikio si huwekwa mwisho wa reli? Kule mwisho, mbali na nyundo, Semboja mwenyewe ndiye aliyemfundisha leo njiani, Semboja aliyesukuma matoroli tangu hajaota ndevu, mbona kichwa kipo huku? Mbona kipo hapahapa inapoangukia nyundo? Na macho kayafumba, na midomo inacheza kwenye chuma, wala haisemi gonga, inasema... anapiga shahada. Anapiga shahada mbwa huyu! Kumbe! Kumbe kuchagua kote kule, kunusa kote kule, alikuwa anatafuta pa kuweka shingo, ili nikumalizie mimi, eh? ulale kimya karibu na dada yako, wakulilie, mimi nivae pingu, Munira abaki na bibi yake na korongo lao, raha iliyoje! Sikupi. Ng'o! Kufa nakunyima, Semboja, utaishi, reli hii utaibeba begani mpaka kwetu Kang'ata, utaingia kwenye tope lile lile uifukie kwa mikono yako, utavuka wa kwanza na Munira mgongoni, na mimi nitakuwa ng'ambo nakutazama usoni, kila masika, mpaka meno yakudondoke, na ugali tutakula sufuria moja, nakuchukia, nakuchukia nawe utaishi... “Semboja,” anasema, “sikio linawekwa kule mwisho. Sogea.” Semboja hafumbui macho. “Gonga, shemeji,” anasema taratibu, kama mtu anayeomba maji. “Sogea, nimekwambia!” “Gonga tu.” “Jamani, mnachukua au hamchukui?” anauliza Joyceline, na Mhina mikono imekufa ganzi, kidole kile kimelegea, nyundo inavuta mbele kwa uzito wake yenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu masika anaogopa, anaogopa sana, isije ikamponyoka.